Vital Brazil: Daktari aliyeonyesha kwamba kila sumu ya nyoka ina dawa yake

Mwishoni mwa karne ya 19, vibarua wengi katika mashamba ya kahawa ya jimbo la São Paulo, Brazil, walifanya kazi miguu mitupu. Aliyeumwa na nyoka alinyweshwa pombe au mitishamba, kisha jamaa zake wakasubiri. Daktari kijana wa mji wa Botucatu, Vital Brazil, aliona wagonjwa hao wakifa bila kuwa na tiba ya kuwapa.

Alizaliwa Aprili 28, 1865, katika mji wa Campanha, jimbo la Minas Gerais. Alisomea udaktari mjini Rio de Janeiro huku akifanya kazi ili kujikimu, akahitimu mwaka 1891.

Wakati huo, Mfaransa Albert Calmette alikuwa ametengeneza seramu dhidi ya sumu ya kobra wa Asia, na aliamini ingetibu sumu ya nyoka wengine pia. Vital Brazil aliijaribu kwa sumu ya nyoka wa kwao, haikufaa. Akamdunga mnyama sumu ya jararaca kidogo kidogo mpaka damu yake ikajenga kinga, na kutokana na damu hiyo akapata seramu. Iliizuia sumu ya jararaca, lakini ikashindwa na ya cascavel, nyoka mwenye njuga mkiani. Hapo akathibitisha kwamba seramu lazima ilingane na aina ya nyoka.

Mwaka 1899 alipelekwa Santos kupambana na tauni, akaugua mwenyewe na kupona. Mwaka 1901 akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Butantan, iliyoanzia katika shamba nje ya jiji la São Paulo. Ili apate sumu ya kutosha, aliweka utaratibu rahisi: mkulima alete nyoka hai, arudi nyumbani na seramu. Hivyo dawa ilifika vijijini, mahali ambapo watu waliumwa.

Mwaka 1916, akiwa ziarani Marekani, seramu yake ilitumika kumtibu mtunza nyoka wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, aliyeumwa na nyoka mwenye njuga. Mtu huyo alipona. Mwaka 1919 alianzisha taasisi nyingine mjini Niterói, inayoitwa kwa jina lake. Alifariki Mei 8, 1950.

Somo lake bado lina uzito Afrika, ambako seramu iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India inaweza isimsaidie aliyeumwa na kifutu au koboko. Mtoto ndiye aliye hatarini zaidi: nyoka humtia sumu ile ile anayomtia mtu mzima, ila mwili wake ni mdogo. Ndiyo maana madaktari hawampunguzii kipimo cha seramu. Kinachomwokoa ni kufikishwa hospitali mapema, na kuikuta huko dawa inayolingana na nyoka aliyemuuma.