Imaam Abu Haniyfah: Mfanyabiashara Aliyetaja Ila ya Bidhaa Yake

AlhamduliLlaah, Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Nu'maan bin Thaabit, mashuhuri kwa jina la Imaam Abu Haniyfah (Rahimahu Allaah), alizaliwa Kufa, Iraq, mwaka 80 Hijria (699 Miladia). Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya khazz, yaani sufi iliyochanganywa na hariri. Duka hakuliacha hata alipokuwa akisoma kwa Shaykh wake Hammaad bin Abi Sulaymaan kwa takriban miaka 18. Hammaad alipofariki mwaka 120 Hijria, yeye ndiye aliyekaa mahali pake kusomesha.

Imepokewa kwamba mwanamke alimletea nguo akitaka kumuuzia kwa 100. Imaam akamwambia ina thamani zaidi. Akapandisha mia baada ya mia hadi 400, bado Imaam anasema ni zaidi, mpaka mama yule akadhani anafanyiwa mzaha. Imaam akamtaka alete mtu wa kuithamini, na mwisho akainunua kwa 500.

Imepokewa pia kwamba alimpa mshirika wake, Hafsw bin 'Abdir-Rahmaan, bidhaa ya kuuza, akamtahadharisha kuwa nguo moja ina ila na lazima aibainishe. Hafsw akasahau, akauza, na mnunuzi hakujulikana tena. Imaam alipopata habari alitoa swadaqah thamani ya bidhaa ile yote, si ya nguo moja tu.

Kuhusu nyumba, ilipokewa katika madhhab yake kwamba aliyeona ua wa nyumba amekwisha kuiona, hata kama hakuingia vyumbani. Mwanafunzi wake Zufar alisema lazima aone ndani. Wanachuoni wa Kihanafi waliokuja baadaye wakafafanua kwamba nyumba za zama zile zilikuwa zikifanana. Zilipoanza kutofautiana, kuingia ndani kukawa hakuna budi.

Khalifa al-Manswuur alimtaka awe kadhi, akakataa, akafungwa. Alifariki Baghdad mwaka 150 Hijria (767 Miladia), mwaka ule ule aliozaliwa Imaam ash-Shaafi'iy (Rahimahu Allaah), ambaye madhhab yake ndiyo tunayoifuata wengi wetu visiwani.

Katika madhhab yetu jambo hili limekazwa zaidi. Mnunuzi wa nyumba anatakiwa aone vyumba, dari, paa, kuta ndani na nje, mahali pa kuogea na shimo la maji machafu. Na kwa kauli yenye nguvu, muuzaji wa nyumba akishurutisha kuwa hana dhamana ya ila yoyote, sharti hilo halimwokoi.

Tunayasema haya kwa sababu ya nyumba zinazouzwa mnadani. Mnada wenyewe wanachuoni wengi wameuruhusu. Tatizo ni pale watu wanaposhindana bei nje ya mlango uliofungwa, na kauli ya kwamba nyumba inauzwa kama ilivyo ikatumika kuficha paa linalovuja, ukuta wenye ufa, mpangaji asiyetaka kuhama au kesi iliyoko mahakamani. Familia hutoa akiba ya miaka mingi, kisha hukuta wamenunua mzigo.

Hivyo anayenadi nyumba, awe mrithi, mdai au dalali, afungue milango kabla ya siku ya mnada, aruhusu fundi akague, na ataje anayoyajua. Wenye mamlaka wakilazimisha ukaguzi na ubainifu huo kwa kanuni, hawatakuwa wameleta jambo geni. Watakuwa wamelinda haki ambayo fiqhi imeitambua tangu zamani. Na wewe mnunuzi, ukigundua ila iliyokuwepo kabla ya kununua, sema mara moja. Ukichelewa bila udhuru, haki yako ya kurudisha inaweza kupotea.

Allaah amrehemu Imaam Abu Haniyfah, na atubarikie katika majumba yetu.

Wa Allaahu A'lam.