Yidnekatchew Tessema, Mwalimu wa Mpira

Vijana wachezao mpira jioni hujua majina ya wafungaji. Jina la mwalimu wao husahauliwa upesi. Lakini yuko mwalimu mmoja ambaye yafaa akumbukwe katika Afrika nzima.

Yidnekatchew alizaliwa katika mwaka 1921, katika mji wa Jimma, nchi ya Uhabeshi. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mtunga mashairi na mwimbaji, mmoja wa Wahabeshi wa kwanza ambao sauti zao zilitiwa katika sahani za santuri. Mwana hakufuata nyimbo, alifuata mpira.

Alipokuwa kijana, majeshi ya Italia yaliingia Uhabeshi, nayo yakautwaa mji wa Addis Ababa katika mwaka 1936. Watawala hao waliwatenga watu kwa rangi zao, hata katika michezo. Utawala wao ulikoma mwaka 1941. Yidnekatchew alikuwa ameuonja ubaguzi, naye alishindana nao mpaka kufa kwake.

Miaka mingi aliichezea timu ya Saint George ya Addis Ababa, iliyoanzishwa mwaka 1935, akaichezea na timu ya taifa. Kisha akawa mwalimu na mwongozi.

Katika Februari 1957, wajumbe wa Misri, Sudan, Uhabeshi na Afrika Kusini walikutana Khartoum, wakaunda chama cha mpira cha Afrika. Yidnekatchew alikuwa mmoja wa waasisi. Mara shida ikatokea: Afrika Kusini ilitaka kuleta timu ya Wazungu watupu, au ya weusi watupu, isiyochanganyika. Wenzao walikataa. Basi kombe la kwanza lilichezewa na nchi tatu tu, na Misri iliwafunga Wahabeshi 4 kwa 0.

Miaka mitano baadaye, Januari 1962, mashindano yalifanyika Addis Ababa, na mwalimu wa Wahabeshi alikuwa Yidnekatchew. Siku ya mwisho walikutana tena na Misri, waliokuwa wamelitwaa kombe mara zote mbili zilizopita. Misri walitangulia kufunga mara mbili, na mara mbili Wahabeshi wakasawazisha. Muda ukaongezwa. Hapo Wahabeshi wakapata mabao mawili, wakashinda 4 kwa 2. Aliyelipokea kombe mikononi mwa Kaisari Haile Selassie alikuwa kapiteni Luciano Vassallo, mwana wa mama wa Eritrea na wa askari Mwitalia. Nchi iliyokuwa imetengwa kwa rangi haikumtenga mtoto huyo.

Wakati huo Kombe la Dunia halikuwa na nafasi ya hakika kwa Afrika. Mshindi wa Afrika alipaswa kushindana kwanza na mshindi wa bara lingine. Yidnekatchew na wenzake waliona hii si haki, na nchi za Afrika zikajitoa katika Kombe la mwaka 1966. Hasara ilikuwa kubwa kwa wachezaji wa siku hizo, lakini walioikubali hawakupoteza bure. Tangu mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi yake: Moroko ikatangulia, na mwaka 1974 ikafuata nchi ya Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo.

Katika mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mkuu wa chama cha mpira cha Afrika. Hakulegea juu ya Afrika Kusini, na mwaka 1976 nchi hiyo ilifukuzwa kabisa katika chama cha mpira cha dunia. Alishika kazi yake mpaka alipofariki Addis Ababa, Agosti 1987.

Hakuyaona mavuno yote. Mwaka 1996, ubaguzi ukiwa umekwisha, Afrika Kusini ililitwaa Kombe la Afrika kwa timu moja ya weusi na weupe. Apandaye mti mara nyingi si yeye aketiye kivulini.