Aliyepeleka Vipimo Kilimanjaro: Maisha ya Karl Klaus von der Decken

Kila aliyepita katika shule yetu anazikumbuka hesabu za urefu na umbali: mnara, kivuli chake na pembe mwinuko. Wengi wetu tulizikokotoa kwa ajili ya mtihani tu, hali Kibo imesimama dirishani. Katika toleo hili napenda kusimulia habari za mtu ambaye safari yake iliufanya mlima huu kuwa hesabu ya namna hiyo.

Karl Klaus von der Decken alizaliwa tarehe 8 Agosti 1833 huko Kotzen, Brandenburg, Ujerumani, katika ukoo wa makabaila. Alitumikia jeshi la Hanover, kisha akaacha uaskari na kushika safari. Mwaka 1860 alifika Unguja, akajaribu kwenda Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa, asifanikiwe. Ndipo alipougeukia Kilimanjaro.

Wakati huo mlima wetu ulikuwa na kesi huko Ulaya. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alifika huku akaona theluji kileleni. Wachagga walikuwa wakiiona tangu enzi za mababu. Lakini mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, alishikilia kwamba habari hizo si za kweli. Rebmann hakuwa na vipimo. Alikuwa na macho yake tu, na ushahidi wake ukadharauliwa.

Von der Decken alikuja na mpimaji. Mwaka 1861 alimchukua Richard Thornton, kijana Mwingereza wa miaka 23, mtaalamu wa miamba, aliyekuwa ameachishwa kazi na Livingstone katika msafara wa Zambezi. Waliondoka pwani pamoja na wapagazi, watu ambao bila migongo yao hakuna chombo hata kimoja ambacho kingefika huku. Mwezi Agosti walijaribu kupanda, hali mbaya ya hewa ikawarudisha walipofika futi 8,200 hivi. Hata hivyo waliupima mlima kutoka chini.

Njia yenyewe tunaijua. Unachagua vituo viwili ambavyo umbali kati yake unajulikana. Katika kila kituo unapima pembe iliyopo kati ya kilele na kituo cha pili. Kwa kanuni ya saini unapata umbali wa kufika chini ya kilele. Kisha unapima pembe mwinuko, na tanjenti inakupa urefu.

Tuchukue Himo kwa mfano. Kutoka hapa hadi chini ya kilele cha Kibo, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 40, na kilele huonekana kwa pembe ya karibu digrii 7. Tanjenti ya digrii 7 ni 0.1228, ukizidisha kwa mita 40,000 unapata mita 4,912. Ongeza kama mita 110, kwa sababu dunia ni mviringo na mwanga hupinda kidogo hewani. Ongeza tena mwinuko wa Himo yenyewe juu ya bahari, ambao ni mita 800 na zaidi, nawe utaikaribia sana 5,900. Lakini kosa la digrii moja tu katika pembe hiyo litakupotosha kwa mita 700 hivi. Hapo ndipo ilipo kazi ya mpimaji.

Vipimo vya safari ile vilitoa zaidi kidogo ya futi 20,000. Waingereza walipopima mwaka 1952 walipata mita 5,895, yaani futi 19,340. Kwa watu wawili wenye vyombo vilivyobebwa kichwani, katika nchi isiyo na ramani, tofauti hiyo si ya kuchekwa. Cooley hakukubali, lakini wanajiografia wengine waliona kuwa mlima mrefu kiasi hicho hauna budi kuwa na theluji.

Thornton alirudi kusini, akafariki karibu na mto Shire mwezi Aprili 1863, akiwa na miaka 25. Von der Decken alipanda tena Desemba 1862 akiwa na Otto Kersten, wakafika kama futi 14,000. Mwaka 1864 alipewa nishani ya dhahabu na Chama cha Jiografia cha Kifalme cha London. Mwaka 1865 alipanda mto Juba kwa meli yake, Welf. Ikakwama kwenye maporomoko juu ya Bardera, naye akauawa huko Somalia, akiwa na miaka 32. Kilele alikifikia Hans Meyer pamoja na Ludwig Purtscheller, mwaka 1889.

Tusisahau kwamba ramani za wasafiri hawa ziliwafaa baadaye watawala wa kikoloni. Hilo ni kweli, na tuwafundishe watoto wetu. Jina la Decken limebaki kwa hondohondo wa nyika za Taveta na kwa lobelia kubwa ya mlimani. Majina ya wapagazi hayakubaki popote.

Napendekeza kwa chama chetu: tuwanunulie wanafunzi wa leo utepe mrefu na chombo kizuri cha kupimia pembe, watoke darasani, wasimame Himo asubuhi kabla ya mawingu, wampime mzee Kibo wenyewe. Wakipata 6,000, warudie.