Selous: Mwindaji aliyeangushwa na bunduki yake mwenyewe

Kwa muda mrefu mimi nilidhani Selous ni jina la mto. Ile mbuga kubwa ya kusini mwa Tanzania iliitwa hivyo miaka nenda miaka rudi, na sikuwahi kujiuliza jina lilitoka wapi. Kumbe ni jina la mtu, Mwingereza Frederick Courteney Selous, aliyekuwa mwindaji maarufu zaidi wa zama zake. Ukisoma habari zake utapata simba, nyati na wafalme. Lakini kisa kilichonifanya nikae chini niandike ni cha bega lake.

Alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851, mtoto wa familia iliyojiweza. Baba alikuwa mtu mzito katika Soko la Hisa la London na alitaka kijana asomee udaktari. Kijana naye akili yake ilikuwa Afrika tu. Akiwa shuleni alikutwa amelala sakafuni na nguo za usiku pekee, kisa na maana anajizoesha maisha ya porini. Mwaka 1867, akiwa na miaka 15, barafu ilipasuka kwenye ziwa la Regent's Park watu wakiteleza juu yake, na watu 40 wakafa. Yeye alitambaa juu ya vipande vya barafu hadi akafika ukingoni. Baadaye alipelekwa Uswisi na Ujerumani kusoma, na huko Ujerumani akamwangusha kwa ngumi mlinzi wa msitu aliyemfumania akiiba mayai ya ndege. Ikabidi atoroke hadi Austria. Udaktari ukaishia hapo. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kwa hilo sitamhukumu.

Septemba 1871 akateremka Algoa Bay, Afrika Kusini, akiwa na miaka 19 na pauni 400 mfukoni. Alikuwa na bunduki moja safi sana, ya mitutu miwili, ya kisasa kwa wakati huo. Akiwa njiani kuelekea kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley, ikaibwa garini.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Badala yake alinunua magobori mawili ya bei rahisi, pauni 6 kila moja, yaliyotengenezwa na fundi Hollis wa Birmingham. Gobori ni ile bunduki ya kushindilia baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Hayo mawili hayakuundwa kwa ajili ya ndovu. Yalikuwa ya kupigia mabata majini, ila yalikuwa makubwa kupindukia, kipimo cha 4. Maana yake ni kwamba ukigawa ratili moja ya risasi mafungu manne, kila fungu ni tonge moja la kutosha mtutu huo. Hiyo ni gramu 113 hivi. Ili upate picha, risasi ya G3, zile bunduki ambazo tumezoea kuona polisi wetu wamebeba, ina gramu 9 au 10 tu.

Sasa, bunduki yoyote ikifyatuliwa, kadiri inavyosukuma risasi mbele ndivyo inavyosukumwa nyuma. Tuliite teke. Teke hilo huongezeka risasi ikiwa nzito na baruti ikiwa nyingi, na huongezeka tena bunduki yenyewe ikiwa nyepesi, maana hakuna uzito wa kulituliza. Magobori ya Selous yalikuwa na kasoro zote tatu. Yalirusha kipande kizito cha risasi, yalikuwa mepesi kwa kazi hiyo, na baruti haikupimwa. Ilikuwa baruti ya dukani, ile ya punje kubwa, imebebwa kwenye mfuko wa ngozi, na mtu anachota kwa kiganja na kumimina. Leo kiganja kimejaa, kesho kimefurika.

Mwaka 1872 alifika Bulawayo kuomba ruhusa kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele. Mfalme alimwangalia huyu kijana asiye na ndevu za maana akacheka. Kwa maoni yake ndovu wangemfukuza mbio. Akamruhusu tu aende, kwani hasara ni ya nani? Selous akaenda, na aliyemfundisha kazi alikuwa Mkhoi mmoja aliyeitwa Cigar. Waliwinda kwa miguu, maana huko kulikuwa na mbung'o na farasi walikufa. Unakimbiza ndovu juani na gobori begani, unapiga, unashindilia tena, unakimbia tena. Katika misimu mitatu, 1872 hadi 1874, alikuwa ameua ndovu 78 kwa magobori hayo.

Siku ya mkosi, bunduki ilikuwa imeshindiliwa mara mbili. Baruti mbili, risasi mbili, na zote zilimiminwa kwa mkono na wasaidizi wake. Alilenga, akavuta kifyatuzi, na alipopata fahamu vizuri alikuwa kifudifudi mchangani, bunduki ikiwa imepita juu ya bega lake na kutua hatua kadhaa nyuma. Teke lilikuwa limemwinua kutoka ardhini na kumgeuza hewani. Damu ilimruka kutoka kwenye jeraha chini ya mfupa wa shavu, pale kitako kilipomchapa kikienda zake. Mkono wa kulia hakuweza kuuinua. Kitako chenyewe kilikuwa kimezungushiwa ngozi ya sikio la ndovu ikiwa mbichi, ambayo ikikauka hubana kama chuma, na bado kilisambaratika vipande vipande. Kilichomshangaza hata yeye ni kwamba mtutu haukupasuka usoni pake.

Jeraha la shavu lilipona, mkono ukarudi. Kilichobaki ni kitu kingine, na hapa nampa heshima kwa sababu alikikiri kwenye maandishi yake bila aibu. Aliandika kwamba anajuta kuwahi kuyajua magobori yale. Yalimpiga mateke vibaya sana, hata siku za kawaida ambazo hakuna aliyekosea kushindilia, kiasi kwamba yaliharibu mishipa yake ya fahamu na kuathiri ulengaji wake maisha yote. Fikiria hilo. Huyu ndiye mwindaji aliyesifiwa kuliko wote, na waliomjua walikubali kwamba hakuwa mlengaji wa ajabu. Kila akikaribia kuvuta kifyatuzi, mwili ulikumbuka. Bega linajikaza, jicho linafumba kidogo, mtutu unasogea nywele moja, basi risasi imeenda kwingine. Bega likishajifunza kuogopa, kuliambia litulie ni kazi bure.

Alichofanya ni kupunguza. Aliachana na kipimo cha 4 akashuka hadi kipimo cha 10, ambacho bado kilikuwa kinyama lakini afadhali. Kisha akaipata bunduki aliyokuja kuipenda, .450 iliyoundwa na Gibbs wa Bristol, ya risasi moja moja, inayopakiwa kwa nyuma. Risasi yake nzito ilikuwa karibu theluthi moja tu ya lile tonge la zamani. Baruti ilikuwa imepimwa kiwandani na kufungwa ndani ya ganda, hakuna cha kiganja tena.

Na je, ndovu alianguka? Alianguka. Hapo ndipo wengi walikuwa wamekosea hesabu. Tonge la risasi laini linapogonga mfupa wa ndovu hutapakaa na kusimama. Risasi nyembamba, ngumu, yenye kasi hupenya hadi ndani. Na mtu asiyeogopa teke hulenga mahali anapotaka. Baruti isiyo na moshi ilipoingia miaka ya 1890, Selous alisonga chini zaidi, hadi bunduki ndogo kama .303. Huku kwetu kuna aliyelipeleka jambo hilo mwisho kabisa: Mskoti Walter Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya safari zake za Karamoja, Uganda. Huyo aliua zaidi ya ndovu 1,000, wengi wao kwa bunduki ya .275 ambayo wenzake waliiona ya kupigia swara. Alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi.

Najua unawaza nini, maana nami niliwaza hivyo hivyo nikisoma. Tunamwonea huruma mtu wa bega, na ndovu 78 je? Kufikia miaka ya 1880 ndovu katika nchi alizozoea walikuwa wameadimika, na Selous mwenyewe alilalamika hivyo, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyewamaliza. Akageukia kukusanya wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Mwaka 1890 alifanya kubwa zaidi ya hapo. Aliongoza msafara wa Cecil Rhodes hadi Mashonaland, kwa sababu yeye ndiye aliyeijua njia. Njia hizo alikuwa amezijua kwa ruhusa ya Lobengula. Miaka mitatu baadaye ufalme wa Lobengula ulivunjwa vitani, na Selous alikuwa upande wa waliouvunja, akajeruhiwa kidogo. Kwa hayo sijaona maandishi yake ya kujuta kama alivyolijutia gobori.

Kenya alifika pia. Alikuja kuwinda miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, na mwaka 1909 alimsaidia Theodore Roosevelt kupanga ile safari yake maarufu. Walipanda meli moja kutoka Naples hadi Mombasa, na Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alimsikiliza kama mwanafunzi.

Vita Kuu ilipoanza 1914 aliomba kujiunga na jeshi akaambiwa ni mzee. Hakukubali. Mei 1915 akateremka Mombasa na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, miaka 63, akitembea na vijana ambao wangeweza kuwa wanawe. Alishiriki shambulio la Bukoba mwezi uliofuata. Malaria na kuhara viliwaangusha vijana, mzee anatembea tu. Mwaka 1916 alirudishwa Uingereza kwa upasuaji, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi tena.

Tarehe 4 Januari 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, kikosi chake kilikuwa Beho Beho, karibu na mto Rufiji, kikipambana na jeshi la Wajerumani. Aliinua kichwa kutazama adui yuko wapi. Mdunguaji akampiga risasi. Walimzika hapo hapo, chini ya mkwaju.

Mwanawe Freddie, aliyekuwa rubani wa kijeshi, aliuawa Ulaya tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baadaye. Pori la akiba lilipewa jina Selous mwaka 1922. Mwaka 2019 Tanzania ilikata sehemu kubwa ya pori hilo na kuifanya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi sasa liko humo, kwenye nchi ya ndovu.