BURT MUNRO: FUNDI WA GEREJI ALIYEVUNJA REKODI YA DUNIA KWA PIKIPIKI KUUKUU

Askari aliyewahi kwenda doria kwa pikipiki, au dereva wa kikosi aliyekwama porini mbali na ghala la vipuri, anaelewa kwamba chombo kikiharibika mahali kama hapo, msaada wa kwanza hutoka katika akili na mikono ya mwenye chombo. Elimu hiyo haifichiki katika mitaa ya Industrial Division jijini Mbale, chini ya majabali ya mlima Wanale, ambako mafundi wa pikipiki hufungua injini iliyochoka kwa spana chache tu na kuirudisha barabarani ikinguruma. Maisha tunayoyasimulia leo ni ya mtu aliyeifikisha elimu hiyo mahali ambapo viwanda vikubwa havikutarajia. Mtu huyo ni Burt Munro wa New Zealand.

UTOTO WAKE

Herbert James Munro alizaliwa tarehe 25 Machi 1899 huko Invercargill, mji ulioko kusini kabisa mwa New Zealand. Alizaliwa pacha, lakini dada yake hakuishi, na madaktari hawakumtarajia yeye mwenyewe afikishe miaka miwili. Alilelewa katika shamba la wazazi wake kule Edendale. Tangu udogo wake alipenda mwendo wa kasi, na mara nyingi alimpanda farasi mwepesi kuliko wote wa nyumbani na kumkimbiza shambani, ingawa baba yake alimkemea.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, kijana Munro alitamani kujiunga na jeshi mara tu umri wake utakaporuhusu, ili aione dunia. Haikuwa hivyo. Alibaki shambani mpaka vita vikaisha, na baadaye akafanya kazi kwa muda katika uchimbaji wa handaki la reli la Otira kabla baba yake hajamwita arudi kulima.

PIKIPIKI YA MWAKA 1920

Mwaka 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian Scout. Msomaji asidhani kwamba ilitoka India kama zilivyo pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika barabara zetu. Indian lilikuwa jina la kiwanda cha Marekani kilichokuwa Springfield, katika jimbo la Massachusetts. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, ukubwa wake ulikuwa sentimita za ujazo 600, na kasi yake ya juu ilikuwa takriban kilomita 89 kwa saa. Kwa siku zile huo ulikuwa mwendo wa kutosha, lakini haukumtosheleza Munro. Mwaka 1926 alianza kuibadilisha, na kazi hiyo hakuiacha hata uzeeni.

Kupanda kwa kasi si jambo la kukaza nyaya na kufungua mafuta tu. Hewa huuzuia mwili unaokwenda, na uzuiaji huo huongezeka upesi kuliko mwendo wenyewe. Mtu akitaka kuiongeza kasi mara 2 dhidi ya upepo, injini yake lazima itoe nguvu karibu mara 8. Nguvu hizo zikija, kila kiungo kilichotengenezwa kwa mwendo mdogo huanza kulalamika: pistoni huyeyuka, mikono inayoiunganisha pistoni na mtaimbo wa injini hukatika, silinda hupasuka. Munro alijua kwamba akitaka kasi, lazima aiumbe injini upya, kiungo baada ya kiungo.

Fedha za kununua vipuri maalumu hakuwa nazo, na vingi kati ya alivyovihitaji havikuuzwa popote. Kwa hiyo alivitengeneza. Aliyeyusha mabaki ya chuma chepesi na kuyasubu katika makopo ya zamani ili apate pistoni. Silinda alizipata kutoka katika mabomba ya zamani ya gesi yaliyokuwa yametupwa. Mikono ya pistoni aliichonga kwa tupa kutoka katika ekseli ya trekta la Caterpillar, kwa kuwa alijua kwamba chuma cha ekseli kimepikwa ili kistahimili mateso. Valvu zilizokuwa ubavuni mwa silinda alizihamishia juu ili injini ipumue vizuri zaidi, na mahali pa kemu 2 akaweka 4. Yasemekana hata chombo chake kimoja cha kupimia unene kilitengenezwa kwa spoku ya gurudumu.

Kazi hiyo aliifanya nyakati gani? Wakati wa dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929 alirudi nyumbani kutoka katika mbio za kulipwa, akaajiriwa kuwa muuzaji na fundi wa pikipiki. Mchana alitumikia mshahara, na usiku aliitumikia pikipiki yake. Injini ilivunjika mara nyingi mno. Kila kilichovunjika alikiweka katika rafu ya gereji yake, akivihesabu vyuma hivyo kuwa sadaka zilizotolewa kwa mungu wa mwendo kasi. Hata hivyo rafu ile haikuwa mzaha mtupu, maana fundi anayetupa kilichovunjika hutupa pia ushahidi wa kilichokivunja.

GHARAMA YA NYUMBANI

Si haki kusifu ushindi wa mtu na kunyamazia gharama yake. Munro alioa mwaka 1927 na kujaliwa watoto wanne. Miaka 20 baadaye ndoa hiyo ilivunjika. Aliacha kazi ya mshahara, akahamia katika gereji na kulala humo pamoja na pikipiki zake mbili, ile Indian na nyingine aina ya Velocette ya mwaka 1936. Aliye na familia atalitafakari jambo hili mwenyewe.

KUTOKA UFUKONI HADI JANGWA LA CHUMVI

Uwanja wake wa kwanza wa majaribio ulikuwa ufuko wa Oreti, karibu na Invercargill, ambako maji yakipwa mchanga hubaki mgumu na mpana. Mwaka 1938 aliweka rekodi ya New Zealand ya kilomita 194 kwa saa, na baadaye akaweka nyingine kadhaa. Ufuko ulipokuwa mfupi kwa kasi yake, macho yake yakageukia Bonneville katika jimbo la Utah, Marekani. Msomaji anayelijua ziwa la Katwe anajua chumvi inavyoganda maji yakikauka. Bonneville ni mabaki ya ziwa kubwa la kale, chumvi tupu iliyo tambarare na ngumu, isiyo na mti wala kilima cha kumgonga mtu.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mzee, na madaktari walikuwa wamemwambia kwamba moyo wake una ugonjwa. Mwaka 1962, akiwa na miaka 63, aliipeleka Bonneville pikipiki yenye miaka 42, iliyofunikwa ganda lililochongoka ili likate upepo. Sheria ya huko haikubali mwendo wa upande mmoja tu, maana upepo unaweza kumsaidia mtu. Mshindani hukimbia kwenda na kurudi, na wastani wa safari hizo mbili ndio unaoandikwa. Munro alipata wastani wa kilomita 288 kwa saa, rekodi ya dunia katika daraja la injini yake.

Safari moja huko pikipiki ilianza kuyumba ikiwa katika kasi kubwa. Alipoinuka ili upepo umpunguzie mwendo, upepo huo ulimnyang'anya miwani, akawa haoni. Aliilaza pikipiki ubavuni juu ya chumvi, ikateleza mpaka ikasimama, naye akatoka hai. Mwenye akili ataona kwamba alinusurika kwa sababu mbele yake hapakuwa na gari, mtoto wala ng'ombe.

Agosti 1967, akiwa na miaka 68, injini ikiwa imepanuliwa kufikia takriban sentimita za ujazo 950, aliweka rekodi ya kilomita 295 kwa saa katika daraja la injini zisizozidi 1,000. Kwa kasi hiyo mtu angetoka Jinja na kufika Mbale kwa barabara ya Tirinyi katika muda wa takriban nusu saa. Katika safari ya upande mmoja ya kufuzu alipita kilomita 305.

KUFARIKI KWAKE NA HAKI ILIYOCHELEWA

Afya yake ilipozorota aliziuza pikipiki zake kwa mfanyabiashara wa mjini kwake, ili zisihame Invercargill. Alifariki tarehe 6 Januari 1978, akiwa na miaka 78. Mwaka 2005 ilitolewa filamu ya maisha yake, ambamo Anthony Hopkins aliigiza nafasi yake. Mwaka 2014 mwanawe John aligundua kwamba hesabu ya wastani wa mwaka 1967 ilikosewa. Chama cha pikipiki cha Marekani kiliikagua upya, kikakubali, na rekodi ikapandishwa kutoka maili 183.586 hadi maili 184.087 kwa saa. Aliyekuwa amefariki miaka 36 alipewa nusu maili aliyoistahili, kwa sababu karatasi za siku ile zilikuwa zimetunzwa.

Ndugu askari, pikipiki ya doria si ya kuongezewa kasi, na barabara ya Tirinyi si jangwa la chumvi. Lakini tabia ya mzee huyu inafaa katika kila karakana ya kikosi na kila kituo cha polisi: kukijua chombo chako hadi msumari wa mwisho, kukihudumia kabla hakijalia, kuchunguza kilichovunjika kabla ya kuagiza kingine, na kuandika vipimo kwa usahihi. Munro hakuwa na kiwanda. Alikuwa na tupa, makopo, na subira ya zaidi ya miaka 40.