Stanisław Żółkiewski: Jemadari aliyeingia Moscow, akafa akikaribia mpaka wa kwao

Kila tarehe 4 Novemba, Urusi huadhimisha Siku ya Umoja wa Kitaifa. Sikukuu hiyo, iliyoanza kusherehekewa mwaka 2005, hukumbusha matukio ya mwaka 1612, Warusi walipowatimua askari wa Poland kutoka mjini Moscow. Huenda umewahi kusikia habari hiyo redioni ukajiuliza: askari wa Poland walifikaje katikati ya mji mkuu wa Urusi?

Ukifuatilia jibu utamkuta Stanisław Żółkiewski, kabaila na jemadari ambaye ndiye aliyefungua njia ya kuingia Moscow. Yeye mwenyewe hakuipenda vita ile. Aliishinda kwa upanga, akaitafutia mwisho kwa makubaliano, kisha mfalme wake akayakataa makubaliano hayo. Katika makala hii tunaeleza maisha yake na sababu ya jina lake kukumbukwa hadi leo Poland, Ukraine na Urusi.

Nchi yenye mfalme wa kuchaguliwa

Żółkiewski alizaliwa mwaka 1547 katika kijiji cha Turynka, karibu na mji wa Lwów. Leo mji huo unaitwa Lviv na uko magharibi mwa Ukraine, lakini wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Poland.

Mwaka 1569, Żółkiewski akiwa kijana wa miaka 22, Poland na Lithuania ziliungana rasmi kuwa dola moja. Ilikuwa nchi kubwa sana. Ndani yake mlikuwa na sehemu kubwa ya Poland na Lithuania za leo, Belarus, sehemu kubwa ya Ukraine na sehemu ya Latvia. Waliishi humo Wakatoliki, Waorthodoksi, Waprotestanti, Wayahudi na hata Waislamu wa asili ya Kitatari.

Mfalme wa nchi hiyo hakurithi kiti kutoka kwa baba yake. Alichaguliwa na makabaila, na bila ridhaa ya bunge lao hakuweza kutoza kodi mpya. Makabaila waliuonea fahari uhuru huo, lakini wakulima hawakuwa na sehemu ndani yake. Walifungwa kwenye ardhi ya bwana wao na kulazimika kumlimia siku kadhaa kila wiki bila malipo. Utajiri wa watu kama Żółkiewski ulitokana na jasho hilo.

Mwanafunzi wa Zamoyski

Familia ya Żółkiewski haikuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa. Aliyemwinua ni Jan Zamoyski, kansela wa nchi na mkuu wa majeshi, mtu aliyekuwa na nguvu karibu sawa na za mfalme. Żółkiewski alisoma Lwów, kisha akawa mtu wa karibu wa Zamoyski, akijifunza kwake siasa na mambo ya vita.

Alipigana chini ya Mfalme Stefan Batory katika vita dhidi ya Urusi kati ya mwaka 1579 na 1581. Batory alipofariki, makabaila waligawanyika juu ya nani awe mfalme. Wengine walimtaka Sigismund wa Sweden, wengine Maximilian wa Austria. Zamoyski alimuunga mkono Sigismund, na mwezi Januari 1588 jeshi lake lilimshinda na kumteka Maximilian huko Byczyna. Żółkiewski alijeruhiwa goti katika vita hiyo na akabaki akichechemea.

Mwaka huohuo alipewa cheo cha hetmani wa uwanja wa vita. Hetmani ni jemadari mkuu, na huyu wa uwanja wa vita alikuwa wa pili baada ya hetmani mkuu. Kazi yake kubwa ilikuwa kulinda mpaka wa kusini. Huko wapanda farasi wa Kitatari kutoka Crimea walivamia vijiji, wakachoma nyumba na kuteka watu, ambao waliuzwa utumwani katika soko la Caffa, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi.

Doa la mwaka 1596

Maisha ya Żółkiewski hayakuwa ya sifa tupu. Mwaka 1596 alitumwa kuzima uasi wa Wakosaki. Hawa walikuwa wapiganaji walioishi kwenye nyika za Ukraine, wengi wao wakiwa watu waliokimbia utumwa wa mashamba ya makabaila. Kiongozi wao alikuwa Severyn Nalyvaiko.

Żółkiewski aliizingira kambi yao karibu na mji wa Lubny. Ndani mlikuwa na wapiganaji pamoja na wake na watoto wao. Njaa na mizinga viliwashinda, wakakubali kuwatoa viongozi wao. Lakini mazungumzo ya kusalimu amri yakiwa bado yanaendelea, askari wa Poland waliivamia kambi na kuua watu wengi. Nalyvaiko alipelekwa Warsaw na kuuawa mwaka uliofuata.

Katika historia ya Ukraine tukio hilo halikusahaulika. Chuki iliyopandwa wakati huo iliendelea kukua, na miaka zaidi ya hamsini baadaye Wakosaki walianzisha uasi mkubwa uliotikisa dola nzima.

Klushino: watu 7,000 dhidi ya zaidi ya 30,000

Mwanzoni mwa miaka ya 1600 Urusi ilikuwa katika machafuko. Ukoo wa kifalme ulikuwa umekwisha, njaa ilikuwa imeua watu wengi, na walijitokeza watu waliodai kuwa ni mwana wa mfalme aliyefariki zamani. Tsar aliyekuwa madarakani, Vasily Shuisky, hakuwa na nguvu. Aliomba msaada wa Sweden, adui wa Mfalme Sigismund.

Mwaka 1609 Sigismund aliingia vitani na kuuzingira mji wa Smolensk. Żółkiewski aliiona safari hiyo kuwa na mashaka mengi, lakini alitii. Mwaka uliofuata mfalme alimtuma akalizuie jeshi kubwa lililokuwa likija kuuokoa mji huo. Ndani yake mlikuwa na Warusi pamoja na mamluki waliokodiwa na Sweden kutoka Ujerumani, Ufaransa, Scotland na kwingineko.

Żółkiewski alikuwa na askari wasiofikia 7,000. Upande wa pili walikuwa zaidi ya 30,000. Badala ya kusubiri, aliwaondoa watu wake usiku kimyakimya kupitia msituni, na alfajiri ya tarehe 4 Julai 1610 akawafikia adui karibu na kijiji cha Klushino, wengi wao wakiwa bado wamelala.

Nguvu yake ilikuwa husaria, wapanda farasi wenye mikuki mirefu kupita kawaida. Mbele yao kulikuwa na uzio wa miti wenye mapengo machache tu, na ilibidi wapite humo kwa mafungu madogo huku risasi zikiwamiminikia. Vikosi vingine vilishambulia mara nane, hata kumi. Baada ya saa kadhaa wapanda farasi wa Urusi walivunjika na kukimbia. Mamluki, ambao wengi walikuwa wakidai mishahara yao, walianza mazungumzo, na baadhi yao wakahamia upande wa Poland.

Makubaliano yaliyokataliwa

Habari za Klushino zilipofika Moscow, makabaila wa Urusi walimwondoa Shuisky kwenye kiti. Żółkiewski akafika nje ya mji. Angeweza kujaribu kuuteka kwa nguvu, lakini aliketi kuzungumza.

Tarehe 27 Agosti 1610 walifikia makubaliano. Makabaila wa Moscow wangempokea Władysław, mwana wa Sigismund, kijana wa miaka 15, awe Tsar wao. Naye angeheshimu kanisa la Kiorthodoksi, sheria na desturi za Urusi. Żółkiewski alijua kwamba Warusi wasingetawaliwa na mgeni kwa mabavu. Njia pekee ilikuwa wampokee kwa hiari yao.

Askari wa Poland wakaingia Kremlin kwa amani. Lakini Mfalme Sigismund alikuwa na mawazo mengine. Alikitaka kiti cha Urusi yeye mwenyewe, na hakuwa tayari kumwachia mwanawe abadili dhehebu na kuwa Mwothodoksi, kama Warusi walivyotaka. Wajumbe wakubwa kutoka Moscow walipokwenda kambini Smolensk, mazungumzo yalivunjika, nao wakazuiliwa kama mateka.

Waswahili husema ahadi ni deni. Żółkiewski alikuwa ameahidi kwa niaba ya mfalme, na mfalme hakutaka kulipa. Aliondoka Moscow, akaacha kikosi Kremlin chini ya kamanda mwingine, akaenda kumshawishi Sigismund bila mafanikio. Baadaye aliandika kitabu kuhusu vita hiyo, akieleza ilivyoanza na ilivyokwenda. Ni miongoni mwa kumbukumbu muhimu zaidi za wakati huo.

Tarehe 29 Oktoba 1611 aliingia Warsaw kwa shangwe, akiwa na Vasily Shuisky kama mateka. Tsar huyo wa zamani alilazimishwa kuinama mbele ya mfalme na bunge, na mwaka uliofuata alifariki akiwa kifungoni. Lakini wakati Warsaw ikisherehekea, Moscow ilikuwa tayari imeasi na kuungua. Askari walioachwa Kremlin walizingirwa, wakafikia kula maiti kwa njaa, na mwishoni mwa mwaka 1612 wakasalimu amri. Mwaka 1613 Warusi walimchagua Mikhail Romanov, mwana wa mmoja wa wajumbe waliozuiliwa na Sigismund. Ukoo wake ulitawala Urusi hadi mwaka 1917.

Safari ya mwisho

Żółkiewski alirudi kulinda mpaka wa kusini. Alikuwa amejenga mji wake mwenyewe, Żółkiew, wenye ngome, kanisa na soko. Mkewe, Regina, alisimamia mali wakati yeye akiwa vitani, kwa hiyo miaka mingi ya ndoa yao walikuwa mbalimbali.

Mwaka 1618, akiwa na umri wa miaka 71 hivi, alipewa cheo cha kansela mkuu wa nchi. Wakati huo uhusiano na dola ya Uthmaniya, yaani Waturuki, ulikuwa umeharibika. Wakosaki waliokuwa chini ya Poland walikuwa wakivamia miji ya Waturuki kwenye Bahari Nyeusi, nao Watatari waliokuwa chini ya Sultani waliendelea kuvamia vijiji vya Poland.

Mwaka 1620 mtawala wa Moldavia, Gaspar Graziani, alimwasi Sultani na kuomba msaada. Żółkiewski alivuka mto Dniester na askari karibu 9,000. Graziani alikuwa ameahidi jeshi kubwa, lakini alileta watu wachache tu. Mwezi Septemba, huko Cecora karibu na mto Prut, walikutana na jeshi la Waturuki na Watatari lililowazidi kwa mbali, wakashindwa.

Usiku uliofuata hofu iliingia kambini. Baadhi ya makabaila walikimbia, na wengine waliobaki wakaanza kupora mali za wenzao. Żółkiewski, mzee mwenye goti bovu, alizuia wengi wasitoroke na kurudisha utulivu. Kisha aliamuru mikokoteni ipangwe na kufungwa pamoja kuwa kama ukuta unaotembea, askari na mizinga wakiwa ndani yake. Kwa namna hiyo walirudi nyuma kwa muda wa wiki moja, wakishambuliwa mchana na usiku, bila adui kuweza kuuvunja ukuta ule.

Walipofika kilomita chache kutoka mto Dniester, uliokuwa mpaka wa kwao, yote yaliharibika. Waliokuwa wamepora kambini walianza kuogopa adhabu inayowasubiri ng'ambo. Ukatokea ugomvi, watu wakaanza kuwakimbilia farasi, na ukuta wa mikokoteni ukafunguka. Watatari wakaingia.

Inasimuliwa kwamba Żółkiewski aliletewa farasi ili aokoke, naye akakataa. Aliuawa usiku wa kuamkia tarehe 7 Oktoba 1620. Kichwa chake kilipelekwa Istanbul kwa Sultani Osman wa Pili. Mwanawe Jan alitekwa, na mkwe wake Stanisław Koniecpolski naye akatekwa. Kijana mmoja aliyeitwa Bohdan Khmelnytsky pia alikamatwa katika vita hiyo, na baba yake akauawa. Huyu ndiye aliyekuja kuongoza ule uasi mkubwa wa Wakosaki mwaka 1648.

Regina alilipa fidia ili kichwa cha mumewe kirudishwe, akamzika Żółkiew.

Alichoacha

Binti yake Zofia alizaa binti aliyeitwa Zofia Teofila, na huyu akamzaa Jan Sobieski. Sobieski alikulia katika nyumba ambamo habari za kifo cha babu wa mama yake zilisimuliwa mara kwa mara. Mwaka 1683, akiwa mfalme wa Poland, aliongoza majeshi yaliyolishinda jeshi la Waturuki lililokuwa limeuzingira mji wa Vienna.

Leo mji wa Żółkiew unaitwa Zhovkva na uko Ukraine, na ngome yake bado imesimama. Wapolandi humkumbuka Żółkiewski kama jemadari asiyemkimbilia farasi. Waukraine wengi humkumbuka pia kwa damu ya mwaka 1596. Warusi hukumbuka askari aliowaacha Kremlin.

Wanahistoria bado hujadili kama makubaliano ya Moscow yangedumu hata kama Sigismund angeyakubali. Lakini jambo moja ni wazi. Ushindi wa Klushino ulipatikana kwa saa chache za alfajiri moja, na faida yake ikapotea mezani, kwa sababu neno lililotolewa kwa Warusi halikutimizwa.