Mama Anna Dengel: Daktari mtawa aliyewahudumia wazazi wa imani nyingine



Katika zahanati na hospitali za Kanisa, na katika mitaa tunamoishi, kila siku huzaliwa watoto ambao wazazi wao si Wakatoliki. Wengine ni Waislamu, wengine ni wa madhehebu mengine ya Kikristo, wengine wanafuata dini za jadi. Muumini anayeombwa msaada na wazazi hao hujikuta akijiuliza maswali mazito. Je, awasaidie kwa kufuata desturi za imani yao? Je, kufanya hivyo ni kupunguza imani yake mwenyewe? Na je, saa ile ya udhaifu wa mama aliyetoka kujifungua ni nafasi ya kumvuta katika dini yetu? Tumeona ni vema kuyatazama maswali hayo kupitia maisha ya Mama Anna Dengel, mwanzilishi wa Shirika la Masista Wamisionari wa Tiba, ambaye aliyaishi kwa vitendo karne moja iliyopita.

Utoto na mwanzo wa wito

Anna Dengel alizaliwa tarehe 16 Machi 1892 huko Steeg, kijiji cha milimani katika jimbo la Tyrol, nchini Austria. Alikuwa mtoto wa kwanza katika familia yenye watoto wengi, na alifiwa na mama yake angali mtoto mdogo. Wengi waliosimulia maisha yake wameona kwamba msiba huo ulimwachia moyo wa huruma kwa kina mama na watoto, na kwetu sisi jambo hilo si gumu kulielewa. Alisomeshwa na masista, na baadaye akaenda Lyon, nchini Ufaransa, kufundisha lugha ya Kijerumani.

Ndipo alipopata habari za Dkt. Agnes McLaren, mwanamke Mskoti aliyezaliwa mwaka 1837, mmoja wa wanawake wa kwanza wa nchi yake kupata shahada ya udaktari, ambaye aliingia katika Kanisa Katoliki akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Katika uzee wake daktari huyo alikuwa ameshughulikia kuanzishwa kwa hospitali ya wanawake na watoto katika mji wa Rawalpindi, katika India iliyotawaliwa na Waingereza. Mji huo leo uko Pakistani. Alikuwa akitafuta wanawake Wakatoliki walio tayari kusomea udaktari na kwenda huko. Anna alimwandikia barua, naye akamjibu na kumweleza njia ya kufuata. Hawakupata kuonana uso kwa uso, kwa maana Dkt. McLaren aliaga dunia mwaka 1913. Hata hivyo, mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa.

Ili aruhusiwe kufanya kazi India, Anna alipaswa kuwa na shahada inayotambuliwa na Waingereza. Akaenda Cork, Ireland, akasoma huko katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa raia wa nchi iliyokuwa ikipigana na Uingereza. Alihitimu mwaka 1919, na mwaka 1920 akafika Rawalpindi.

Mlango uliofungwa kwa madaktari wanaume

Ili tuielewe kazi iliyomngoja, yatupasa kwanza kuyaelewa maisha ya wanawake wa mji ule. Wengi wao walikuwa Waislamu, nao waliishi kwa kutawa, yaani walikaa ndani, hawakuonekana na wanaume wasio wa jamaa zao. Kwa familia nyingi ilikuwa haiwezekani kabisa mwanamke kupimwa na daktari mwanamume, hata akiwa katika uchungu wa kujifungua, hata maisha yake yakiwa hatarini. Walisaidiwa na wakunga wa jadi, na pale uzazi ulipokuwa mgumu kupita uwezo wa wakunga hao, mama na mtoto walikufa, ilhali daktari alikuwepo mtaa wa pili.

Mbele ya hali kama hiyo ilikuwa rahisi kuilaumu desturi. Wapo waliosema kwamba wanawake wale wangepona kama waume zao na dini yao wangekubali kubadilika. Dkt. McLaren kabla yake, na Anna Dengel baada yake, walishika njia nyingine. Waliona kwamba mama aliye katika uchungu hawezi kusubiri jamii nzima ibadilike. Kama mlango wake umefungwa kwa daktari mwanamume, basi na apelekewe daktari mwanamke. Badala ya kumdai mgonjwa alipe kwanza kwa kuacha staha yake, wao ndio waliobeba gharama: miaka ya masomo, umbali na kwao, joto, magonjwa na uchovu.

Kwa takribani miaka minne Dkt. Dengel alifanya kazi katika hospitali ile ya Mtakatifu Katarina akiwa daktari peke yake, akisaidiwa na masista Wafransisko Wamisionari wa Maria. Wanawake walimjia kwa wingi, naye hakuweza kuwatosha. Ilipofika mwaka 1924 alikuwa amechoka kabisa, na alikuwa amejifunza jambo moja kwa uchungu: daktari mmoja akiondoka au akiugua, kina mama wote wanaomtegemea wanarudi gizani. Ilihitajika jumuiya ya kudumu, ya wanawake waliojitoa kwa Mungu maisha yao yote na ambao pia wamesomea kikamilifu udaktari, uuguzi na ukunga.

Katazo la Kanisa na utii wa Mama Anna

Hapa alikutana na kizuizi ambacho hakikutoka katika dini ya wagonjwa wake. Kilikuwa katika sheria za Kanisa lake mwenyewe. Wakati ule watawa wenye nadhiri za hadhara hawakuruhusiwa kufanya kazi ya udaktari kamili wala ukunga, kwa kuwa kazi hizo zilidhaniwa kuhatarisha usafi wa wito wao. Masista waliweza kuuguza wagonjwa kwa namna mbalimbali, lakini kumzalisha mama ilikuwa marufuku. Dkt. McLaren alikuwa ameiomba Roma iliondoe katazo hilo, akafa bila kuona matunda.

Anna hakulivunja katazo hilo, wala hakukata tamaa. Alikwenda Marekani, na kwa msaada wa Padre Michael Mathis wa Shirika la Msalaba Mtakatifu akapata kibali cha Askofu Mkuu wa Baltimore kuanzisha jumuiya isiyo na nadhiri za hadhara. Tarehe 30 Septemba 1925, mjini Washington, wanawake wanne walianza maisha hayo: madaktari wawili, yaani Anna Dengel na Joanna Lyons, na wauguzi wawili, Evelyn Flieger na Marie Ulbrich. Waliishi kitawa kwa moyo, wakisubiri siku ambayo Kanisa lingewatambua kwa sheria. Mwaka 1927 jumuiya hiyo changa ilikuwa tayari na hospitali yake Rawalpindi, iliyowekwa chini ya jina la Familia Takatifu.

Siku waliyoingoja ilifika tarehe 11 Februari 1936, sikukuu ya Bikira Maria wa Lourdes. Idara ya Uenezaji wa Imani ilitoa maelekezo yaliyowaruhusu na kuwahimiza masista katika nchi za misioni kusomea udaktari na ukunga na kuwahudumia kina mama na watoto wachanga. Tangu hapo Mama Anna na wenzake waliweza kuweka nadhiri zao hadharani. Tuyatafakari haya kwa makini. Uhitaji wa kina mama, ambao wengi wao hawakuwa Wakristo, ulichangia kulifanya Kanisa lichunguze upya sheria yake. Masista wa leo wanaowapokea watoto katika wadi zetu za wazazi wananufaika na ruhusa hiyo iliyotafutwa kwa ajili ya wanawake kama wale wa Rawalpindi.

Lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia kuonja uzuri wa jambo hili. Sisi humwita sista mtawa, na watu wa pwani tangu zamani wamemwita mtawa mwanamke anayekaa ndani kwa kujistahi na kumcha Mungu. Kwa neno hilo hilo tunaweza kusema kwamba huko Rawalpindi watawa waliwaendea watawa. Mwanamke mmoja alijitenga kwa ajili ya Mungu kwa namna moja, na mwingine kwa namna nyingine. Wakakutana katika saa ya kuzaliwa kwa mtoto.

Mama Anna aliliongoza shirika lake hadi mwaka 1967. Lilienea katika nchi nyingi, likaanzisha hospitali na kufundisha wauguzi na wakunga wenyeji. Ni kwa masista hao, katika hospitali yao ya Patna nchini India, Mtakatifu Teresa wa Kalkuta alikwenda mwaka 1948 kujifunza misingi ya uuguzi kabla ya kuanza kazi yake kati ya maskini. Mama Anna aliaga dunia mjini Roma tarehe 17 Aprili 1980, akazikwa katika makaburi ya Wajerumani yaliyo Vatikani.

Tunajifunza nini?

Kwanza, msaada wa kweli humfuata mhitaji mahali alipo. Mama Mwislamu anapojifungua katika hospitali yetu na kuomba ahudumiwe na muuguzi mwanamke, au asitiriwe vizuri, anaomba jambo ambalo Mama Anna alivuka bahari ili kulitoa. Pale inapowezekana, tulitimize kwa moyo mweupe. Baba anapotaka kumwadhinia mtoto wake sikioni, tumpe nafasi na utulivu. Jirani anapomaliza arobaini, au anapomfanyia mtoto akika, tunaweza kumpelekea kuni, maji na pongezi bila kuona haya.

Pili, tusiufanye msaada kuwa chambo. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa mwaka 2005 kuhusu Mungu ambaye ni upendo, alifundisha kwamba matendo ya huruma hayafanywi kwa lengo la kuwavuta watu kwa hila. Mtakatifu Thomas wa Akwino, tangu karne ya 13, alipinga watoto wa wazazi wasio Wakristo kubatizwa kinyume cha matakwa ya wazazi hao. Sheria ya Kanisa ya leo nayo, nje ya hatari ya kifo, inadai ridhaa ya wazazi au angalau ya mmoja wao. Mtoto amekabidhiwa kwanza kwa wale waliomzaa, na uchungu wa mwana, kama walivyosema wahenga, anaujua mzazi.

Tatu, kuheshimu imani ya mwingine hakutupunguzii imani yetu. Masista wa Rawalpindi waliishi kitawa na kusali kati ya Waislamu, na kila mtu alijua wao ni nani. Hawakuficha msalaba, wala hawakumlazimisha mtu kuubusu. Aliyeuliza sababu ya upendo wao angejibiwa; asiyeuliza alihudumiwa vilevile. Msamaria mwema katika Injili hakumhoji yule majeruhi dini yake kabla ya kumfunga majeraha, ingawa kati ya Wayahudi na Wasamaria palikuwa na uadui mkubwa.

Wapendwa, Bikira Maria alipopata habari kwamba Elizabeti ana mimba katika uzee wake, aliondoka kwa haraka, akapanda milimani, akakaa naye karibu miezi mitatu. Katika mtaa wako huenda yupo mama aliyejifungua juma hili, ambaye hasali tunaposali sisi. Nenda ukambishie hodi. Muulize anahitaji nini, kisha ufanye hilo analolihitaji.

Tumwombe Mungu awajalie madaktari, wauguzi na wakunga wetu moyo kama wa Mama Anna Dengel, na awalinde kina mama wote wanaojifungua usiku huu, pamoja na watoto wao. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.